MJADALA: Kamandi ya kikanda irudi Kivu, au tuachane nayo?

Wakuu, kila Goma, mji mkubwa wa Kivu mashariki mwa Kongo, ikitajwa zinaibuka kambi mbili. Moja inasema majeshi ya jirani yalikwenda Kongo kutalii. Nyingine inasema yangeongezewa muda, waasi wa M23 wasingeiteka Goma Januari 2025. Zote mbili nazipinga. Tatizo halikuwa uvivu wala muda. Waliotuma askari na aliyewapokea hawakukubaliana kazi yenyewe ni ipi.

Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipitisha wazo la kutuma kikosi cha pamoja Nairobi, Juni 2022. Novemba Wakenya wakatua Goma, kamandi ikawekwa chini ya Meja Jenerali Jeff Nyagah. Mwaka uliofuata wakafuata Warundi, Waganda na Wasudani Kusini. Serikali ya Kongo, Kinshasa, ilitaka M23 ipigwe. Kamandi ilijiona msimamizi: waasi waondoke, yenyewe ishike maeneo waliyoachia.

Chukulieni Kibumba, kilomita kama 20 kaskazini mwa Goma. Desemba 2022 M23 ilikabidhi eneo hilo kwa hafla, maofisa wake wamesimama na wale wa kikosi cha kanda mbele ya kamera. Kwa kamandi hayo yalikuwa mafanikio. Lakini mkimbizi aliyetoka Rutshuru, analala chini ya turubai Kanyaruchinya, aliona nini? Alimwona mlinzi wake amesimama na waliomfukuza kwake. Hasira za watu wa Goma zilianzia kwenye mambo kama hayo, na sioni kwa nini tuwalaumu.

Februari 2023, kwenye mkutano wa Bujumbura, Rais Tshisekedi alinaswa kwenye video akimwonya Nyagah asiipendelee M23. Aprili Nyagah akaondoka, barua yake ikitaja vitisho kwa usalama wake. Meja Jenerali Alphaxard Kiugu akashika nafasi. Desemba Kongo ikagoma kuongeza muda, kikosi kikafungasha.

Mwezi huohuo kikaingia kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Hawa walikuwa na ruhusa ya kupigana bega kwa bega na jeshi la Kongo, lakini bila nguvu ya anga ya kueleweka. Katika mapigano ya Goma ya Januari 2025, Afrika Kusini pekee ilipoteza askari 14.

Najua mtanirushia mwaka 2013. Ndiyo, nchi hizohizo tatu ziliishinda M23 wakati ule, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ila angalieni walichokuwa nacho: azimio 2098 la Baraza la Usalama lililoruhusu mashambulizi waziwazi, Kinshasa iliyotaka kitu hichohicho, na helikopta za Rooivalk zilizoshambulia ngome ya Chanzu Novemba ile. Juu ya yote, wafadhili walikuwa wamezuia misaada kwa Rwanda, iliyokana kuwasaidia waasi. Hilo la mwisho watu hulisahau, na kwangu lina uzito kuliko mizinga.

Wapo watakaoniambia raia wanakufa huku mimi nadai karatasi ya jukumu iliyosainiwa. Karatasi hiyo ndiyo inayomwambia askari aliye Sake, mji ulio karibu na Goma, afyatue au asifyatue kijiji kinapovamiwa. Bila hiyo raia anakufa vilevile, na askari wa watu anakufa naye.

Kwa hiyo msimamo wangu: asipelekwe mtu mpaka Kinshasa na nchi zinazotuma zisaini jukumu moja. Na nchi yenye vita yake binafsi mle isiwe ndani ya kamandi. Mwaka 2023 Burundi ilikuwa na askari kwenye kikosi cha Jumuiya, na wengine walioingia kwa makubaliano yake na Kinshasa. Uganda ilikuwa na operesheni yake dhidi ya waasi wa ADF tangu Novemba 2021.

Anayetaka kamandi irudi anijibu hili: amri ya kamanda ikipingana na ya Bujumbura au Kampala, askari atamtii nani?