Nalipia farasi atunzwe, nakuta kwato zimeoza zimepakwa oili chafu!

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira, nikikosea kuandika mtanivumilia.

Nina farasi jike, na ndiye ofisi yangu. Jumamosi maharusi wanapiga naye picha, Jumapili anabeba watoto ufukweni Kigamboni. Mimi nimepanga Tabata, pa kumweka sina, kwa hiyo analala kwenye banda la mtu hukohuko Kigamboni, nalipa kila mwezi. Tulichokubaliana hakihitaji digrii: majani ya kutosha, maji safi, maranda makavu, na kwato zichokonolewe kila siku. Fundi wa kwato aje kila baada ya wiki sita, hela yake naiacha kabisa.

Mwezi wa tatu mama akaugua, nikaenda Mwanza, nimerudi juzi. Masika yote hiyo sipo. Kila nikiuliza naambiwa "yuko fiti kaka", na picha natumiwa. Sasa ndio nimezirudia zile picha: zote kumi na moja zimeishia magotini! Mjinga mimi nilikuwa naangalia masikio.

Juzi nimeshuka pantoni, bodaboda moja kwa moja hadi bandani. Namkuta amesimama, kwato nyeusi tii zinang'aa. Nikafurahi, kidogo tu. Kumtembeza, mguu wa mbele wa kushoto haukanyagi. Nikaunyanyua. Wakuu, ile harufu! Kama samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko wa nailoni. Matope yameshindiliwa humo yamekuwa saruji. Nikayatoa polepole na kile chuma chenye ncha iliyopinda, kutoka kisiginoni kwenda mbele, na ile pembetatu ya katikati ya unyayo, ambayo inatakiwa iwe kama raba, imekuwa uji mweusi. Nikigusa tu, anavuta mguu. Na huo mng'ao wa juu? Oili chafu ya gari! Nimenawa mara tatu na bado nanuka gereji.

Ukwato unakua kama sentimita moja kwa mwezi. Huyu kakaa miezi miwili na zaidi bila kukatwa, ncha ya mbele imetokeza kama mtoto aliyevaa kandambili za baba yake. Uzito wote unarudi kisiginoni, kano za nyuma ya mguu zinavutika kila akipiga hatua.

Namuuliza mwenye banda, ananijibu: "Kaka, kwani farasi wa porini wanasafishwa na nani?" Porini! Wa porini anatembea kutwa kwenye ardhi kavu, kwato zinajisaga zenyewe. Wewe umemsimamisha kwenye mkojo wake masika nzima. Vijidudu vinavyoozesha kwato vinataka hapohapo, unyevu, kinyesi na pasipopita hewa, halafu juu yake ukamwagia oili.

Jana kaja daktari wa mifugo. Kakwangua uozo, chini yake kakuta tundu la msumari, usaha ukachuruzika hadi kwenye buti lake. Kasafisha, kafunga, kapiga na sindano ya kinga ya pepopunda, maana farasi na punda ugonjwa huo unawashika vibaya kuliko mifugo mingine. (Jina lenyewe mnalisikia.) Kazi hakuna kwa wiki kadhaa, na maharusi wawili nimeshawarudishia advansi yao.

Halafu huyu bwana ananidai hela ya banda ya mwezi huu! Nikamtajia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, akacheka, eti hiyo ni ya ng'ombe wa machinjioni.

Sasa naomba msaada. Mwenye banda la sakafu kavu, Kigamboni au hata Mbezi, anifuate inboksi leo hii, nitamhamisha akishaweza kukanyaga. Na anayejua taratibu aniambie, naanza na afisa mifugo wa kata au naenda polisi moja kwa moja? Picha za kwato naziweka hapo chini, mliopo mezani msifungue kwanza. Wale wa "si ungenunua bodaboda", leo piteni nyuzi nyingine.