Naomba ushauri: Forza Horizon 5 iliyotoka kwa PS5, au nibaki na mpango wangu wa Gran Turismo 7?

Mleta mada

Ndugu wadau, salamu kwenu nyote. Nina PS5 (konsoli ya michezo ya PlayStation 5) ambayo mpaka sasa imekuwa ikichezewa mpira peke yake, na mimi na mdogo wangu tumekubaliana kwamba gemu linalofuata liwe la magari. Mpango wetu wa muda mrefu ulikuwa Gran Turismo 7, lakini tangu Forza Horizon 5 itoke kwa PS5 tarehe 29 Aprili 2025, karibu kila ninayemuuliza ananiambia kwamba Gran Turismo sasa ni habari ya zamani. Uwezo wangu ni wa kununua moja tu.

Hali yetu ni hii: tunacheza wawili mbele ya televisheni moja, tuna pedi mbili na hatuna usukani, mtandao wa nyumbani upo ingawa hukatika mara kwa mara, na nina desturi ya kuuza diski ya gemu nikishalimaliza ili nichangie ununuzi wa linalofuata. Tafadhali msinishauri kwa kigezo cha ubora wa picha, kwa sababu nimetazama video za yote mawili na yote yananipendeza. Ninachotaka kujua ni lipi litaendelea kuchezwa baada ya ule moto wa wiki za kwanza kupoa. Nawasilisha.

Vumbi la Njiani

Mkuu, chukua Horizon 5 bila kusita. Hili ndilo gemu la kwanza la Forza kufika kwenye PlayStation tangu mfululizo huo uanze kwenye Xbox, konsoli ya Microsoft, mwaka 2005, na wala halijafika likiwa changa, kwa kuwa lilitoka kwenye Xbox na kompyuta Novemba 2021 na limekuwa likiongezewa mambo kwa miaka yote hiyo. Unapewa nchi ya Meksiko ya kuzurura upendavyo: kuna vichochoro vya Guanajuato, kuna volkano unayoweza kuipanda kwa gari hadi juu, kuna majangwa yenye dhoruba za vumbi, na hakuna mtu anayekulazimisha kufuata lami. Ukiona njia ya mkato katikati ya shamba, unakata, unabomoa ukuta wa mawe, unafyeka midungusikakati, na gari linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukikosea kona, unabonyeza kitufe kimoja na muda unarudi nyuma.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni ukarimu wake. Magari unapewa mapema na kwa wingi, na sarafu za ndani ya mchezo haziuzwi kwa fedha halisi, ingawa magari ya nyongeza yanauzwa. Mtu aliyetoka kwenye mpira ataanza kufurahi ndani ya dakika kumi.

Kona ya Mwisho

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu dakika kumi za kwanza. Swali la mleta mada, hata hivyo, linahusu miezi inayofuata, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, imejengwa juu ya wazo kwamba kuendesha gari ni ufundi unaofundishika. Ndiyo maana ina mitihani ya leseni, na mtihani wa mwanzo kabisa ni wa kuondoa gari na kulisimamisha ndani ya eneo lililowekewa alama. Ukiusoma hapa unaonekana mchezo wa watoto, lakini hebu ujaribu kuutafutia medali ya dhahabu. Ukiwahi kushika breki unasimama kabla ya mstari, ukichelewa unapitiliza, na pedi ya PS5 inakusimulia yote kwenye kidole: kitufe cha breki kinakaza kadiri unavyokibana, kisha kinatetemeka pale matairi yanapokaribia kushindwa kushika barabara. Baada ya muda unaacha kutazama namba za mwendo na kuanza kusikiliza kidole. Ujuzi huo unauhamishia kwenye viwanja halisi vya mbio kama Suzuka ya Japani, kisha Nordschleife ya Ujerumani yenye kilomita 20.8, ambako utazunguka na gari lile lile kwa wiki nzima ukitafuta nusu sekunde, na hutajiona mjinga.

Katika Horizon, kosa linafutwa kwa kitufe. Sisemi ni vibaya, kwa maana mimi mwenyewe hucheza hivyo nikiwa nimechoka. Lakini kitu ambacho hakikudai chochote ni rahisi kukiacha. (Naomba pia wadau tuache kuita gemu la 2022 la kizamani na hapo hapo kuliita jipya lile la 2021.)

Msomaji Kimya

Naona mnajibizana kuhusu ladha wakati mleta mada ameshatoa jibu ndani ya swali lake. Wanacheza wawili kwenye televisheni moja. Forza Horizon 5 haina uwezo wa kugawa skrini ili wawili wacheze kwa wakati mmoja. Gran Turismo 7 inao, na tangu sasisho la Novemba 2023 kwenye PS5 inaruhusu hadi wachezaji wanne kwa pamoja.

Vumbi la Njiani

Hoja hiyo ni ya kweli na siwezi kuipinga. Hata hivyo, ndugu wawili wanaweza kupokezana pedi, mmoja akishindana na mwingine akisubiri zamu, kama ambavyo watu wamekuwa wakifanya siku zote.

Msomaji Kimya

Wanaweza, lakini kupokezana pedi si kushindana. Ili hao wawili wakutane ndani ya Horizon, itabidi kuwe na konsoli mbili, nakala mbili za gemu na usajili wa PS Plus kwa ajili ya kucheza mtandaoni. Skrini iliyogawanywa haidai chochote kati ya hivyo.

Fundi wa Diski

Niongezee suala la kuuza diski, maana naona limepitwa. Horizon 5 ya PS5 inauzwa kwa njia ya kupakua tu. Diski yake haikutolewa. Ukilipa, umelipa moja kwa moja, na siku ukilichoka huna cha kumkabidhi mtu. Gran Turismo 7 ipo kwenye diski, kwa hiyo unaweza hata kuitafuta iliyokwisha kutumika na baadaye kuiuza tena.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo. Magemu ya magari hutegemea leseni, yaani ruhusa za matumizi, za watengenezaji wa magari na za wenye muziki, na leseni hizo zina mwisho. Forza Horizon 4, iliyotoka mwaka 2018, iliondolewa madukani tarehe 15 Desemba 2024. Walioinunua kabla ya hapo wanaendelea kuicheza, lakini mgeni hawezi tena kuinunua kwenye duka la mtandaoni. The Crew, gemu jingine la magari, ilipata pigo kubwa zaidi, kwa kuwa seva zake (kompyuta za kampuni zinazoliendesha kupitia mtandao) zilizimwa mwishoni mwa Machi 2024 na hata wenye diski mkononi hawawezi kuicheza tena. Sisemi kwamba hayo yatawakuta hivi karibuni. Nasema tu kwamba mwenye bajeti ya gemu moja ana haki ya kuuliza.

Mtandao Hafifu

Kabla hatujamvisha Gran Turismo taji, tumwambie mwenzetu ukweli wote. Sehemu kubwa ya gemu hilo inadai mtandao hata unapocheza peke yako, kwa sababu maendeleo yako yanahifadhiwa kwenye seva. Machi 2022, sasisho lenye hitilafu liliwafungia wachezaji nje kwa zaidi ya saa 30, wakiwemo waliotaka tu kushindana na kompyuta. Na sasisho hilo hilo lilipunguza zawadi za mashindano mengi wakati sarafu zake zinauzwa kwa fedha halisi. Wachezaji walilalamika sana, na mwezi uliofuata zawadi zikaongezwa. Mtandao ukikatika, hushiki ila sehemu ndogo ya mchezo.

Horizon nayo haiwezi kujidai, kwa sababu kwenye PS5 inakutaka uwe na akaunti ya Microsoft na uiunganishe na ile ya PlayStation. Kwa hiyo suala la mtandao lisimpe ushindi yeyote kati yao, ila mleta mada alijue kabla ya kulipa. Ajue pia kwamba kila moja linakula zaidi ya gigabaiti 100, na upakuaji wa ukubwa huo kwenye mtandao unaokatika ni wa kuanza usiku.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Suala la kugawa skrini sikulijua kabisa, kwa kuwa nilidhani kila gemu la magari linalo, na nimemwonyesha mdogo wangu majibu yenu, akasema hakubali kukaa pembeni akisubiri zamu. Tutachukua Gran Turismo 7, diski iliyotumika, na Horizon tutaitazama ikishuka bei. Nina maswali mawili ya mwisho: je, kuna cha kuangalia ninaponunua diski, na je, usukani ni wa lazima?

Fundi wa Diski

Hakikisha kwanza kwamba PS5 yako ina sehemu ya kuingizia diski. Kisha soma jalada kwa makini, kwa sababu gemu hilo lilitoka kwa PS4 na PS5 kwa wakati mmoja, na diski ya PS4 haikupi toleo la PS5 mpaka ulipie nyongeza. Skrini ya watu wanne imo kwenye toleo la PS5 tu.

Kona ya Mwisho

Usukani si wa lazima. Anzeni na pedi, zimeni msaada wa usukani na wa breki mmoja baada ya mwingine kadiri mnavyozoea, na leseni mbili za kwanza mzimalize kabla ya kugusa magari yenye nguvu. Siku mkiamua kununua usukani, angalieni maandishi ya boksi kuhusu konsoli: Logitech G29 inafanya kazi kwenye PlayStation, lakini G920, inayofanana nayo sana kwa umbo, ni ya Xbox na kompyuta, na PS5 yenu haitaitambua.