Tupeane uzoefu: skana ya filamu inajilipa kwa mpiga picha aliyejiajiri?

Kipimajoto: Wakuu, bei ya kumskania mteja negativu zake mnaihesabu vipi? Wengi wanatoza kwa kukisia. Tuseme umeagiza skana ya Epson V850, na mpaka ikae mezani, usafiri na ushuru ndani, imekula milioni 3.6. Gawa kwa miezi 36, ni laki moja kwa mwezi. Ukitoza 2,000 kwa picha, picha 50 za kwanza kila mwezi ni za mashine, wewe bado hujala. Umeme na diski sijagusa.

Mama Filamu: Muda ndio unaoua. Fremu moja ya V850 inabeba picha 18 za milimita 35. Kwa 2400 dpi (nukta kwa inchi) huku ICE, mfumo wa kutafuta na kuondoa vumbi kwa infraredi, imewashwa, hesabu dakika 3 au 4 kwa picha, yaani saa nzima kwa fremu. Afadhali inakuja na seti mbili: moja ikiwa ndani, nyingine unaipakia. Kupuliza vumbi, kurekebisha rangi na kuyapa mafaili majina ni dakika 2 nyingine kwa kila picha. Asiyezitoza hizo anatoa sadaka.

Kioo Safi: Sadaka kabisa, dada.

Mtaa wa Pili: 2400 ya nini wakati boksi limeandikwa 6400?

Kipimajoto: Boksi ndilo linaloponza watu. V850 inaishia 2300 hivi za kweli, mdogo wake V600 kwenye 1500 na ushee. Ukilazimisha 6400 unapata faili zito, picha ileile. Negativu ya 35 ni milimita 24 kwa 36, kwa 2400 inakupa karibu megapikseli 8. A4 inachapika vizuri, bango usiahidi. Ila filamu pana ya 120, picha ya sentimita sita kwa sita, kwa mashine hiyohiyo inatoa megapikseli 28. Mwenye stoo ya studio ya zamani ana mali.

Chumba cha Giza: Tafuteni Nikon Coolscan iliyotumika, skana ya filamu tu, muachane na hizi za kulaza kwenye kioo. 4000 dpi za kweli, megapikseli 21 kutoka filamu ya 35.

Mtaa wa Pili: Usiwaingize watu mkenge. Nikon waliacha kuitengeneza siku nyingi. Ile Coolscan 9000 inataka FireWire, waya wa zamani, kompyuta ya leo haina tundu hilo. Kioo cha ndani cha kuakisi kikishika vumbi, mwanga unavujia kwenye weusi. Spea unanyofoa kwenye maiti.

Chumba cha Giza: Programu ya VueScan inaiendesha vizuri tu, na kioo kinafunguliwa kikasafishwa.

Mtaa wa Pili: Kafungue ya kwako.

Makro Moja kwa Moja: Mnagombana na kamera mnazo. Ipigeni negativu picha. Lenzi ya makro ya 1:1, stendi, taa ya CRI (kipimo cha ukweli wa rangi) 95 kwenda juu, f/8, ISO 100. Weka kioo cha kujitazamia pale filamu inapokaa. Lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, imenyooka. Roli ya 36 inaisha kwa dakika 10. Ubaya wake ni mmoja, ICE hakuna.

Mama Filamu: ICE yenyewe haisaidii nyeusi na nyeupe. Madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu yanazuia infraredi, kwa hiyo mashine inaiona picha yenyewe kama vumbi. Vumbi unaondoa doa kwa doa kwa mkono. Bei ya nyeusi na nyeupe iwe juu kuliko ya rangi, hata mteja akikushangaa. Filamu kama XP2 ya Ilford ndiyo inapona, maana inasafishwa kama ya rangi, fedha inatoka.

Upepo wa Kusi: Kabla ya bei, chungeni kuvu. Huku pwani bahasha za kabatini zinaota madoa kama utando wa buibui. Kuvu anakula gelatini, na gelatini iliyoliwa inayeyuka majini. Mtu anazamisha negativu kwenye beseni la maji na tone la sabuni kama alivyozoea. Muda si mrefu shela la bibi harusi linajikunja pembeni kama utando wa maziwa, kisha uso unabanduka, unaelea. Ukigusa kwa kidole, mkononi inabaki plastiki tupu. Hapo hata skana ya milioni 30 haikusaidii. Skani kwanza kabla hujaigusa, kisha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, polepole.

Kioo Safi: Uso unaelea! Leo silali.

Makro Moja kwa Moja: Ya duka la dawa, ile ya 70, vipi?

Upepo wa Kusi: Asilimia 30 iliyobaki ni maji, kaka. Ndiyo hayohayo ya beseni.

Mtaa wa Pili: Na zinazonuka siki?

Upepo wa Kusi: Asetati, plastiki ya filamu hizo, inaoza. Zitenge, mvuke wake unaharibu nyingine. Zikishajikunja hazilali kwenye fremu, unazibana kwa kioo cha kuzuia pete za Newton, yale mawimbi ya rangi filamu ikigusa kioo. Hiyo ni bei ya tatu, baada ya ya rangi na ya nyeusi na nyeupe.

Kipimajoto: Mmenipeleka beseni, lakini sawa. Andika hali ya kila negativu wakati wa kupokea, mteja asaini. Bei ya kawaida iwe ya JPEG. TIFF, faili lisilobanwa, ya biti 16 ya sita kwa sita ni megabaiti 168 moja, na unaiweka kwenye diski mbili. Itozwe kivyake.

Chumba cha Giza: Au mchange watu watatu, mnunue moja.

Mama Filamu: Skana ya watu watatu, kioo anafuta nani?