Taarifa za wanafunzi zinazagaa WhatsApp, lawama anaachiwa mwalimu wa darasa

Wanajukwaa, heshima kwenu wote. Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule ya msingi ya serikali, kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja kwa sababu bado nautegemea mshahara wake. Nafungua uzi huu kwa hasira, baada ya mwenzangu wa darasa la jirani kuandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa ambalo kila aliye juu yake alikuwa ameshalitenda kabla halijamfikia yeye.

Ilikuwa hivi. Saa nne asubuhi, vipindi vikiendelea, ujumbe uliingia kwenye grupu la walimu ukiwa umetoka kwenye grupu la walimu wakuu, nako ulikuwa umeshuka kutoka ngazi ya kata, ukitaka orodha ya wanafunzi wote wanaoishi katika mazingira magumu iwe imefika kabla ya saa nane mchana "bila kukosa". Jedwali lililoambatanishwa lilitaka jina kamili la mwanafunzi, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, jina la mzazi na namba yake ya simu, na safu ya mwisho iliandikwa "Sababu". Mwenzangu alilijaza kwa simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, huku akisahihisha madaftari ya hisabati. Kwenye ile safu ya mwisho aliandika anachokijua kuhusu watoto wake: yatima, mama yuko gerezani, analelewa na bibi, na mbele ya jina la mtoto mmoja akaandika "anatumia dawa". Kila aliyewahi kufundisha vijijini anajua maneno hayo mawili yanasomwaje yakiachwa hivyo bila kutajwa dawa ya nini: kwamba mtoto ana virusi vya UKIMWI.

Kufikia jioni, jedwali lilikuwa kwenye grupu la wazazi. Nani alilituma huko hakuna anayesema, maana faili lilikuwa limeshapita kwa mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, ofisi ya kata na kamati ya shule, na kila mmoja ana magrupu yake. Jumatatu iliyofuata mtoto yule alikaa peke yake kwenye dawati la watu watatu, kwa sababu wenzake walikuwa wameonywa nyumbani. Mama yake alipokuja shuleni akilia na kufoka, ofisi ilimwahidi kwamba "mwalimu mhusika atachukuliwa hatua". Ule ujumbe wa saa nne asubuhi, uliokuwa ushahidi pekee wa nani aliagiza nini, ulikuwa umeshafutwa na aliyeutuma.

Sasa tuisome sheria, kwa sababu wengi tunadhani mambo haya ni ya benki na kampuni za simu tu. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na familia yake, wala haisemi kwamba haki hiyo huanza mtu akifikisha miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, kwenye kundi moja na za vinasaba na za alama za vidole, na msingi wake ni kwamba taarifa ya namna hiyo haichakatwi bila ridhaa ya maandishi isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Anayezifichua isivyo halali anaweza kutozwa faini inayofika shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo ilishaagiza usiri wa hali ya mtu muda mrefu kabla ya hapo. Kwa hiyo jedwali la ukurasa mmoja, lililobuniwa na mtu aliyekaa ofisini, lilimwagiza mwalimu akanyage sheria mbili na ibara moja ya Katiba kabla ya chakula cha mchana.

Sisemi shule zisikusanye taarifa. Mahudhurio lazima yaandikwe, namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, lazima ijazwe mtoto asije akakosa mtihani, na simu ya mzazi lazima tuwe nayo kwa sababu watoto huanguka, huugua na hupotea njiani. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna anayeuliza kila safu ya jedwali ina kazi gani, nani ataiona, na itafutwa lini. Msaada wa sare za shule unahitaji idadi na vipimo vya watoto. Hauhitaji kujua baba wa nani ni mlevi.

Tazameni jinsi tunavyoshughulikia fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iingizwe kitabuni. Kama kitabu hicho hujazwa kwa uaminifu au la, hayo ni malalamiko ya uzi mwingine, lakini angalau kipo na mkaguzi akija hukiulizia. Taarifa za mtoto hazina kitabu. Hakuna daftari shuleni kwetu linaloonyesha nani alichukua orodha ya darasa la saba, siku gani, kwa kazi gani, na aliirudisha au aliondoka nayo.

Na zinaondoka kweli. Kila mwaka, wiki chache baada ya mtihani wa darasa la saba wa mwezi Septemba, wazazi wetu huanza kupokea ujumbe kutoka shule za binafsi na vituo vya masomo ya ziada wasivyovijua, vikimtaja mtoto kwa jina na kumkaribisha kwenye kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza. Namba hizo hazikuokotwa barabarani. Mzazi aliiandika namba yake kwenye fomu ya uandikishaji, kwa mwalimu aliyemwamini, na leo inatembea kwa watu wa biashara. Wazazi wakituuliza tunainamisha vichwa, na minong'ono ya kwamba kuna walioshikishwa elfu mbili tatu kwa kila darasa imeachwa iwe minong'ono, kwa sababu hakuna aliyewahi kutumwa kuichunguza.

Kisha kuna picha. Mfadhili akileta taulo za kike, au mgombea akileta madaftari, wasichana wanapangwa mstari mbele ya ofisi, kila mmoja ameshika pakiti yake kifuani, na picha inapigwa sura zikionekana wazi kabisa. Kabla ya kengele ya kutoka, picha iko kwenye ukurasa wa mheshimiwa ikiwa na jina la shule na maneno ya kuwaita "mabinti wenye uhitaji". Hakuna mzazi aliyesaini popote. Nimemwona binti wa darasa la sita akiificha sura yake nyuma ya ile pakiti, mpiga picha akamwambia ashushe mikono atabasamu. Wenzetu wa Kenya wameshatoka huko: Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tume yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais mwezi Aprili 2024, ina mamlaka ya kupokea malalamiko na kutoza faini, na mimi ningependa kuona siku moja inapokea picha ya aina hiyo na kumwita aliyeichapisha, hata kama ana bendera kwenye gari.

Nisije nikaonekana nawatetea walimu wenzangu kwa kila kitu. Yako mengi tunayoyafanya bila kuagizwa na mtu. Tunabandika matokeo ya mtihani wa majaribio ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha tunawapigia mstari mwekundu kumi wa mwisho, wakati Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023. Sababu yao haikuwa faragha, lakini kama aibu na sifa za kitaifa zimeonekana hazina tija, za ukuta wa darasa la nne zina tija gani? Tunasoma majina ya wasiolipa mchango wa chakula mstarini, mbele ya shule nzima, na wapo wanaoyatuma majina hayo kwenye grupu la wazazi ili "wenye nayo waone haya", kana kwamba deni ni la mtoto. Sekondari ndiko kubaya zaidi. Wasichana wanapimwa ujauzito kwa mkupuo, na jibu hulijua mlinzi wa getini kabla ya mzazi. Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua warejee shuleni tangu Novemba 2021, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania iachane kabisa na upimaji huo wa lazima. Ruhusa ya kurudi haimsaidii binti ambaye siri yake ilishatangazwa na mwalimu wa zamu.

Hata hivyo, mtu anayetaka kumshika mwalimu kwa makosa haya amwangalie kwanza amebebeshwa nini. Mwalimu wa darasa anaandaa azimio la kazi na andalio la somo, anaita mahudhurio, anafundisha, anasahihisha, anakuwa zamu, anasimamia uji, anafanya unasihi bila kusomea, anafuatilia watoro hadi majumbani, na juu ya hayo yote amegeuzwa karani wa kila idara inayotaka takwimu: afya, lishe, ustawi wa jamii, kata, halmashauri. Kila idara ina jedwali lake, linalouliza majina yale yale kwa mpangilio mwingine. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 tuligawiwa, na tulishukuru, lakini hakuna aliyetuambia kishikwambi kikipotea kwenye daladala kikiwa na taarifa za darasa zima tunatoa taarifa wapi. Kwetu kinakaa kwenye mkoba pamoja na chaki, na nyumbani watoto wanakichezea. Kabati la ofisi lenye rejista za uandikishaji tangu shule ifunguliwe linafungwa kwa kamba ya katani. Semina ya ulinzi wa taarifa sijawahi kualikwa, wala simjui mwalimu wa kata yetu aliyewahi kualikwa.

Kwa hiyo madai yangu yanaelekea juu. Halmashauri ndiyo inayotuajiri kwa vitendo na ndiyo inayoagiza majedwali, basi iagize kwa barua yenye saini na cheo, ikieleza kila taarifa inatakiwa kwa kazi gani na kwa kifungu gani, wala isiagize kwa ujumbe unaoweza kufutwa. Orodha yenye hali ya afya au ya familia ya mtoto isipite WhatsApp kabisa. Kama mfumo rasmi haufungui, ipelekwe kwa mkono kwenye bahasha, hata ikichelewa siku mbili, maana hatujawahi kuambiwa ni mtoto gani alikosa msaada kwa sababu jedwali lilifika saa tisa badala ya saa nane. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa awe na afisa wa kuzilinda, basi tuelezwe kwa jina la ofisi ni nani huyo katika halmashauri yetu, ili mwalimu akiagizwa jambo lisilo halali awe na pa kuuliza bila kuitwa mkaidi. Na Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo ndiyo mamlaka yetu ya nidhamu, itoe msimamo wa maandishi kuhusu mwalimu anayekataa kutuma taarifa nyeti kwa njia isiyo salama. Leo hii akikataa ni utovu wa nidhamu, na akikubali, zikivuja, ni utovu wa nidhamu vilevile.

Kamati za shule nazo zisijifiche. Ridhaa ya picha ni karatasi moja inayoweza kusainiwa siku ya uandikishaji, na mfadhili asiyetaka kutoa msaada bila sura za watoto anaweza kupiga picha maboksi.

Najua watakuja watakaosema hapa kwamba walimu tunalalamika sana. Hao naomba wanijibu jambo moja tu: je, wangekubali safu ya "Sababu" ijazwe kuhusu mtoto wao, kisha ipite kwenye simu za watu wasiowajua? Kwa walimu wenzangu ombi langu ni jingine. Kama shule yenu au halmashauri yenu ina mwongozo wowote wa maandishi kuhusu nani anaruhusiwa kuchukua taarifa za wanafunzi na kwa utaratibu gani, uwekeni hapa tuupeleke kwa mwalimu mkuu wetu ukiwa mkononi. Ila tafadhali, kabla ya kuupakia, hakikisheni hauna jina la mtoto yeyote ndani yake.