Naomba ushauri: sioni, na nimeitwa kwenye majaribio ya kutia sauti za katuni

BintiWaWete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na sioni tangu utotoni. Nilisoma skuli pamoja na wanaoona, kwa nukta nundu na kwa hisani ya wenzangu walionisomea yaliyoandikwa ubaoni, na baadaye nikajifunza kompyuta kwa NVDA, ile programu ya bure inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Kuiga sauti za watu ni tabia yangu ya siku zote: bibi aliyenuna, mchuuzi wa pweza, mtoto anayelia ilhali hakupigwa.

Hivi karibuni nilirekodi wahusika watatu wa hadithi niliyoitunga mwenyewe, nikaipeleka kwa studio moja ya Dar es Salaam inayotengeneza katuni za watoto. Wamenijibu kwamba sauti imewapendeza na wananiita kwenye majaribio. Fomu yao haikuuliza habari za macho, nami sikutaja. Sasa nauliza: niwaambie kabla sijapanda boti, au niache wanisikie kwanza? Na nikishafika mbele ya maikrofoni, mswada nitausoma vipi? Baba hakatai nisiende, lakini anahofu kwamba watu ambao hawajawahi kufanya kazi na asiyeona wataniona mzigo kabla sijafungua mdomo. Ami yangu yeye amekwisha nichagulia ualimu.

FundiMitambo

Wa alaykumu ssalaam dada. Waulize kwanza ni kazi ya aina gani, kwa sababu katuni ina njia mbili zisizofanana. Katuni inayobuniwa upya kwa kawaida hurekodiwa sauti mwanzo, kisha wachoraji wakaufuatisha mdomo na mwili wa mhusika na sauti ile. Hapo hapana picha ya kutazamwa na yeyote, na anayeona hana alichokuzidi isipokuwa karatasi iliyo mkononi mwake.

Njia ya pili ni kutia Kiswahili katika kazi iliyokwisha kuchorwa ugenini, kama zinavyofanyiwa tamthilia za Kichina na za Kituruki tunazozitazama majumbani. Mdomo umekwisha kuchezeshwa, nawe lazima uingie na utoke nao. Watu hudhani kazi hii haiwezekani bila macho, lakini studio nyingi huwawekea hata wanaoona milio mitatu mifupi yenye nafasi sawa, na msanii huanza pale ambapo mlio wa nne ungesikika. Ukiongezewa sauti ya asili katika sikio moja, utajua sentensi ina urefu gani, mhusika anavuta pumzi wapi na anakatiza wapi. Chukua tamthilia ya lugha usiyoifahamu, sikiliza sentensi moja, kisha iseme yako ya Kiswahili ndani ya muda ule ule bila ya kukimbia maneno. Fanya hivyo kila siku mpaka siku ya safari.

Kuhusu mswada, karatasi za nukta nundu zinafaa ukiziweka juu ya kitambaa na ukageuza ukurasa baada ya sentensi kwisha, maana maikrofoni nzuri husikia hata kidole kinachopita. Njia nyengine ni NVDA katika kisikilizi kimoja, kwa sauti ya chini isivuje: inakusomea mstari, unauhifadhi, unausimamisha, ndipo unasema. Katuni hurekodiwa mstari kwa mstari na kurudiwa mara nyingi, kwa hiyo hulazimiki kuhifadhi mswada mzima. Kwa mtu aliyelelewa chuo cha Kurani, akihifadhi kwa kusikiliza, mstari wa maneno kumi si jambo la kumtisha.

Ukisimama, shika mguu wa maikrofoni na si maikrofoni yenyewe, upime shubiri moja hivi hadi mdomoni, kisha umwombe fundi abandike kitu sakafuni ambacho unyayo wako utakitambua. Ukigeuza kichwa sauti hufifia, na hilo ndilo kosa ambalo fundi hulichukia kuliko yote.

MtuWaMkoani

Usiwaambie. Sauti imeshapendwa, basi ifanye kazi yake. Ukitaja macho kwenye barua, utajibiwa kwamba nafasi imejaa.

BiMkubwaChake

Mwanangu wa Mkoani, hofu yako naijua na mara nyingi ina ukweli, lakini hapa sikubaliani nawe. Kuficha kungefaa kama angekwenda kuimba tu. Huyu anakwenda kupewa mswada mgeni papo hapo, na akiukuta umeandikwa kwa wino atasimama kimya mbele ya watu wanaohesabu saa za studio, na watadhani hana uwezo kumbe hana karatasi. Nimeongoza michezo ya redio muda mrefu na nimeona wazuri wakiharibikiwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Waambie sasa, binti yangu, lakini waambie kama fundi anayetaja vifaa vyake. Na huko studio usione haya kumuuliza mwongozaji. Msanii anayeona huoneshwa mchoro wa mhusika. Wewe omba uelezwe: ana umri gani, ni mnene au mwembamba, yuko mbali kiasi gani na anayezungumza naye, amekaa au anakimbia, amebeba nini? Mtu aliyebeba ndoo kichwani hasemi kama aliyejinyoosha kwenye barza. Vile vile watakutaka sauti zisizo na maneno, kama vile kujikwaa, kumeza, kushtuka na kucheka huku ukitafuna. Zifanyie mazoezi, kwa sababu wanaoanza huzisahau na katuni hujaa hizo.

BintiWaWete

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante kaka Fundi. Nimeridhika na rai ya kuwaambia. Nina wasiwasi mwengine mdogo: itakuwaje wakinitaka kwa mhusika asiyeona tu, basi?

BiMkubwaChake

Marahaba. Ikiwa mhusika ameandikwa vizuri, mchukue, kwani wapo wengi waliochezwa na wanaoona. Yule Toph wa katuni ya Marekani *Avatar: The Last Airbender* (2005 hadi 2008) haoni, na sauti yake ilitolewa na Jessie Flower ambaye anaona. Lakini katika majaribio omba pia usome wahusika wengine, wakiwemo wanyama. Uliwapelekea sauti tatu, wasije wakakupa kazi ya moja.

MsomaSheria

Naongeza la mkataba, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Usilipe fedha yoyote ili ufanyiwe majaribio. Omba mkataba kwa faili ambalo NVDA inalisoma, usitie saini ulichosomewa na mtu wao. Tazama kama wanataka haki ya kuitumia sauti yako kuifundishia kompyuta izungumze badala yako. Wasanii wa sauti za michezo ya kompyuta huko Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 kwa sababu zinazohusu jambo hilo hilo. Hadithi uliyoitunga iulizie Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, COSOZA, kabla hujaitumia tena. Na wakikukataa kwa macho peke yake, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinahusu kazi.

BintiWaWete

Nimeandika hivi, naomba mnisahihishie: "Nashukuru kwa kunialika. Mimi ni msanii asiyeona. Ili majaribio yaende kwa wakati, naomba mswada siku moja kabla, visikilizi vyenye sauti ya asili ikiwa ni kazi ya kutia lugha, na milio ya kuanzia. Nitakuja na kompyuta yangu pamoja na dada yangu, ambaye atanisindikiza hadi mlangoni."

FundiMitambo

Barua imetimia, ila ongeza kwamba mswada uwe maandishi ya kawaida na usiwe karatasi iliyopigwa picha, kwa sababu NVDA haisomi picha kwa uhakika kama inavyosoma maandishi, na watu wa studio wana tabia ya kupiga picha kwa simu. Taja pia plagi ya kisikilizi cha kompyuta yako, wakutayarishie waya. Itume leo, kesho ni Ijumaa.