Naomba ushauri: kupima oveni ya korosho kwa bakteria wa utumbo

Habari zenu wakuu. Tuna kiwanda kidogo Mbagala, tunaoka na kufungasha korosho. Mnunuzi anataka uthibitisho kwamba oveni yetu inaua Salmonella, bakteria wanaosababisha sumu ya chakula, na mtaalamu ameshauri tutumie Enterococcus faecium kama mbadala wake. Korosho zinapakwa bakteria hao, zinaokwa, kisha maabara inahesabu waliobaki hai. Wanafaa kwa sababu ni wagumu kwa joto kavu, hivyo wakifa wao, Salmonella naye hutarajiwa kuwa amekufa, na wasindikaji wa lozi Marekani huwatumia hivyo.

Kinachonisumbua ni ukoo wao. Ni bakteria wa utumbo, wapo hata kwenye baadhi ya jibini, lakini wapo wanaohimili vankomaisini, dawa ya kutegemewa hospitalini. WHO iliwaweka kwenye orodha yake ya bakteria sugu hatari mwaka 2017. Tena huweza kupeana vinasaba vya usugu. Aina ya kupimia, NRRL B-2354, haina vinasaba vya kuhimili vankomaisini, hilo limenipa moyo kidogo. Ila nina akina mama wanaochambua korosho kwa mikono, na baadhi wana watoto wachanga nyumbani. Siwezi kuwaingizia kitu nisichokielewa.

Waliowahi kufanya kipimo hiki, mlikifanya kiwandani au mlipeleka korosho maabara? Naogopa oveni ya maabara haisambazi joto kama yangu. Na baada ya kupima, mlisafisha kwa dawa gani hadi mkaridhika? Kama kuna maabara hapa Dar inayoifanya kazi hii, nielekezeni tafadhali.