Mrejesho: mwenye nyumba aliyetaka tutoke mbio, Katindo, Goma

Aksanti sana ndugu zangu bote mulionijibu nilipouliza kama mwenye nyumba anaweza kutufukuza juu ya deni ya lwaye (pesa ya kupanga nyumba), wakati banki za Goma zilifungwa Januari 2025, mushahara hauingie. Nilifata shauri la dada aliyesema nisibishane naye mulangoni, nipeleke kontra (mapatano ya kupanga) kwa shefu wa kartye. Kule tulisoma sheria ya Kongo ya kupanga nyumba, 15/025 ya 31 Desemba 2015, inataka preavi (kujulisha mupangaji mbele ya kumutosha), na garanti (pesa mupangaji anawekea mwenye nyumba mwanzoni) ya nyumba ya kukaa isipite lwaye ya miezi 3. Mwenye nyumba akakunja karatasi yake ya kututosha, akatupatia miezi 3 mbele ya kutoka, watoto wanalala bila woga. Lakini sisi tulilipa garanti ya miezi 6, ile ya kuzidi amekatala kurudisha mukononi, anaikata kwa deni yetu ya lwaye, hapo shefu alishindwa. Angalau ile garanti iliandikwa kwa kontra, bila ile tungepoteza yote.